Bonde Zima Kwenye Kioo

Marsiana wa Lipangalala alikuwa na mikono ya kupanga. Jikoni kwake sufuria zilikaa kwa ukubwa, na mtu akirudisha kijiko mahali si pake, hata awe mgeni wa heshima, Marsiana alinyanyuka kimyakimya akakihamisha. Mume wake alishazoea, na mtoto wao Anold alishazoea. Kwa hiyo kompyuta ilipoletwa kwenye ofisi ya mradi wa wakulima wa mpunga pale Ifakara, mwaka tisini na saba, hakuna aliyepaswa kushangazwa na yaliyofuata. Walishangaa tu.

Bosi wake, Mzee Venance, mtu mpole aliyeogopa kelele kuliko nyoka, alimtoa kwenye taipureta akamkalisha mbele ya mashine mpya. Fundi aliyekuja nayo kutoka Morogoro alimfundisha mchana mmoja: hii ni mausi, hii ni folda, folda inatengenezwa hivi na kuburutwa hivi. Kisha akawahi basi. Marsiana akatengeneza folda kwa kila kikundi cha wakulima, picha ndogo ndogo za majalada ya njano. Akakitazama kile kioo kitupu chenye rangi ya kijani kama maji ya bwawa, na bila kumwuliza mtu akaanza kuwapanga watu kama wanavyokaa. Watu wa kijiji cha Sanje aliwaweka juu, chini ya milima. Ifakara ilikuwa katikati. Wa kijiji cha Mbingu wakashuka kushoto, kufuata barabara ya Mlimba, na upande wa kulia ulikuwa ng'ambo ya mto.

Majina hakuandika. Kila folda ilibaki na jina ililobatizwa na mashine yenyewe: folda mpya, folda mpya ya pili, ya tatu, na kuendelea.

"Mama Anold, si ungewaandika majina?" Venance alimwuliza siku moja.

"Ya nini, bosi? Wewe unaandika jina kwenye mlango wa jirani yako?"

Venance akaenda kunywa chai.

Tena mvua zikianza ndipo kazi ilipokolea. Bondeni, mvua ikishika, watu hufunga nyumba na kuhamia mashamba ya mbali, wakaishi kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, hadi mpunga uingie ghalani. Basi Marsiana naye aliwahamisha. Kikundi kikija kuaga, alikivusha mto kwa mausi, taratibu, kama vile kingelowa. Wakivuna na kurudi mjini, naye aliwarudisha. Waliomsumbua ni wafugaji, Mzee Mashimba na mkewe Kabula, Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao na siku hizi wakilima mpunga pia. Hao walihama kila malisho yalipokwisha.

"Jamani Mzee Mashimba, si mtulie basi!"

"Ng'ombe hawajui kompyuta, mama."

Watu walipenda sana. Mkulima akiingia, kabla hata ya kueleza shida yake, alizunguka meza ajitazame yuko wapi. Wengine walileta wake zao. Nami nasema ofisi zingekuwa hivi zote, watu wasingezichukia.

Ndipo akaja Dativa, binti mwenye cheti cha kompyuta, kucha safi na salamu nzuri. Venance akawaita wote wawili akasema, huku akitazama dirishani, kwamba kompyuta ni moja na mtu wa kuikalia ni mmoja. Mwingine angeshika stoo ya mbegu. Angeamua baada ya siku ya kugawa mbegu.

Marsiana alisema sawa, akarudi kwenye kiti chake. Nyumbani alimwambia mumewe kwamba vumbi la stoo litamwua kifua. Lakini halikuwa vumbi. Aliipenda ile mashine, aliipenda kweli, na aliona haya kuipenda katika umri wake. Asubuhi alikuwa akiifunua kitambaa alichoifumia mwenyewe na kulikuta bonde zima linamsubiri. Nani angemwachia mtu kitu kama hicho?

Akaanza kuogopa. Umeme uliwahi kukatika, na ulipowaka baadhi ya folda zikawa zimeruka mahali pao. Basi akachukua nailoni ngumu inayopitisha mwanga, ile ya kufunikia ripoti, akaibandika juu ya kioo kwa gundi ya karatasi, akaweka alama ya kalamu ya wino, pamoja na namba ya folda, kila palipokuwa na folda. Sasa hata umeme ukatike wiki nzima, angejua kila mtu anakaa wapi. Akalala usingizi mzuri.

Asubuhi ya kugawa mbegu foleni ilikuwa imefika barabarani. Mvua zilishanukia, kila mtu alitaka achukue mbegu awahi kivuko. Marsiana akafunua kitambaa. Kioo kilikuwa kinang'aa. Nailoni ilikuwepo, nyeupe pe, bila alama hata moja, na nyuma yake folda zote zilikuwa zimejipanga mstari upande wa kushoto kama wanafunzi kwenye paredi.

"Dativa!"

"Abee, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nani kagusa hapa?"

"Ni mimi, mama," Dativa alisema akitabasamu. "Hiyo nailoni ilijaa madoa ya wino, nikaifua kwa sabuni. Na folda zilitapakaa kila mahali, nikaziambia zijipange kwa majina. Nilitaka siku ya leo ukute pasafi."

Marsiana alifungua kinywa apige ukelele, akakifunga. Binti hakuwa na ubaya. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyerudisha kijiko mahali pake, akisubiri asante. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja.

Akaketi. Akafungua folda mpya ya kwanza akiwatafuta watu wa Mbingu, akakuta Sanje. Akafungua nyingine, akakuta wengine kabisa. Kule mlangoni Venance alishachungulia.

"Kuna tatizo, Mama Anold?"

Angeweza kusema umeme. Angeweza kumwonyesha Dativa kwa kidole, na stoo ingekuwa imepata mtu wake palepale.

"Nimepotea, bosi. Sijui nani yuko wapi."

Dativa, akiwa ameelewa sasa alichokifanya, alishika mdomo. Ndipo Kabula akajipenyeza kutoka kwenye foleni, kanga kiunoni.

"Sisi wenyewe tunajua tuliko," alisema. "Tuulizeni."

Ikawa hivyo. Dativa, ambaye vidole vyake vilikimbia ajabu, alifungua folda na kusoma majina ya wanakikundi kwa sauti. Wenyewe wakaitikia, wakazunguka meza, wakaonyesha. Marsiana akawaburuta hadi kwao. Sanje wakalalamika kwamba wamebanwa na mlima. Watu wa Mbingu wakataka washushwe kidogo, wakashushwa. Mzee Mashimba alikuwa amehama tena, na watu wakacheka hadi Venance naye akacheka.

"Mama, niruhusu niandike na majina," Dativa aliomba kwa sauti ya chini.

"Andika, mwanangu. Ila usimsogeze mtu."

Ikabaki folda moja. Dativa akaifungua, akasita. Ukurasa mzima ulikuwa na neno moja lililorudiwa juu hadi chini: Marsiana, Marsiana, Marsiana. Yalikuwa mazoezi ya Marsiana mwenyewe ya siku ya kwanza. Hakuwa na moyo wa kuyafuta.

"Hiyo ni yangu," alisema, uso ukimwaka. "Nilikuwa naiweka kule pembeni, karibu na kapu la taka."

"Karibu na taka?" Kabula aliuliza kwa hasira. "Nani akuweke huko?" Akanyoosha mkono, akakigandamiza kidole chake katikati ya kioo, pale Ifakara. "Hapa. Tukija tukukute."

Foleni nzima ikasema ndiyo. Marsiana akaiburuta folda yake hadi chini ya kidole cha Kabula, na macho yalikuwa yamemjaa machozi hata asione vizuri anapoiachia.

Mbegu ziliisha jioni. Venance hakutoa hotuba. Alitoka ofisini kwake akiburuta kiti chake mwenyewe, akakiweka kando ya kile cha Marsiana, akamwambia Dativa akae. Kuhusu stoo alisema ataishika yeye, na kwa kweli aliishika, akapiga chafya msimu mzima.

Wanawake wale wawili wakaanza kuweka alama upya juu ya nailoni, safari hii kwa wino usiotoka kwa sabuni. Walipomaliza, Dativa aliona doa la kidole cha Kabula, la udongo, katikati kabisa. Akachukua kitambaa alifute. Marsiana, yuleyule wa sufuria na vijiko, akamshika mkono.

"Liache hapohapo," alisema.