Upande wa Kushindwa

Mama alifundishwa naginata, mchezo wa Kijapani wa kupigana kwa miti mirefu, akiwa msichana mlezi wa watoto katika nyumba ya mhandisi Mjapani, kule migodini. Mke wa mhandisi alikosa mwenzake wa kucheza naye, akamkabidhi mama mti mrefu wenye ncha iliyopinda. Wajapani walirudi kwao, miti ikabaki. Nami nikafundishwa uani kwetu hapa Lubumbashi, majirani wakitucheka kwamba tunasonga bukari bila sufuria.

Huchezwa na watu wawili, kila pigo likijulikana tangu mwanzo, na aliye mkubwa ndiye hushindwa. Nampiga muundi, anazuia, kisha ananiachia nafasi nimguse begani. Miaka yote nimemshinda mama, nikijua vizuri ni yeye aliyenipa ushindi.

Mwaka huu alianza kuzuia hewa.

"Mama, macho iko namna gani?"

"Iko bien. Ni weye njo unachelewa."

Nilikasirika. Mama yangu ni bingwa wa kukana. Alikataa kwenda kwa daktari wa macho, eti foleni ni ndefu. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua; akanijibu mbona yeye bado anakula.

Basi nikawa napiga polepole, kwa kuvizia. Alitambua mara moja.

"Usinionee huruma. Piga!"

Kwa hasira nikapiga. Mti ulilia kwenye muundi wake, akaketi vumbini. Nilimkimbilia, lakini hakushika hata mguu.

"Ulikuwa umesimama wapi?" aliuliza.

Nilikuwa mbele yake.

Wiki nzima sikulala vizuri. Niliificha miti yote miwili nyuma ya kabati, nikidhani yameisha. Jumamosi nikamkuta nayo uani, amesimama upande wangu, upande wa mdogo. Mguu ulikuwa bado umevimba.

"Leo weye njo utapigwa," alisema. "Sema kwa nguvu, nisikie fasi uko."

"Niko hapa, Mama."

Nilitamani akatae, aniambie tena kwamba anaona. Badala yake alishusha pigo kwenye muundi wangu, nikalizuia, na miti ilipogusana akajua nilipo. Nikamwachia nafasi. Ncha ikapanda, ikanigusa begani kwa upole.

Kabla ya hapo Mama alikuwa hajawahi kunishinda hata siku moja. Nililia pale pale kama mtoto, naye akatupa mti chini, akaanza kunipapasa bega, akiuliza ameniumiza wapi.