Mgeni wa 507 Amehamia Kusini

Saa nne na dakika mbili asubuhi, Nagumo Tokie anasukuma toroli la mashuka kwenye korido ya ghorofa ya tano na kusimama mbele ya chumba namba 507. Anabisha mara mbili, anasema "samahani" kwa sauti ya chini ingawa anajua fika hamna mtu, kisha anafungua.

Chumba chenyewe ni kidogo. Kitanda, meza, televisheni, birika la umeme na dirisha linalotazama reli. Aliyelala humo jana ni mzazi aliyemleta mwanawe kufanya mtihani wa kuingia chuo. Ameacha makombo ya mkate kwenye zulia na taulo mbichi juu ya kiti.

"Huyu si wangu," anasema Tokie, akiiokota taulo kwa vidole viwili. "Wangu haachi taulo juu ya kiti."

Wake alihama Septemba. Ni Bwana Hatanaka, muuzaji wa viti vya madaktari wa meno, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alilala chumba hiki Jumanne moja kila baada ya wiki mbili. Tokie, mwenye umri wa miaka 61, hajawahi kumwona hata mara moja. Yeye huingia mgeni akishatoka, na mgeni hurudi yeye akishakwenda nyumbani. Lakini ukimsikia anavyolitaja hilo jina, utadhani ameachwa na mchumba.

Hoteli Marusei iko dakika tatu kwa miguu kutoka mlango wa kaskazini wa kituo cha Kitanuma, dakika arobaini kwa treni kutoka Tokyo. Hakuna anayekuja Kitanuma kutembea. Watu huja kulala, kwa sababu kwa yeni 6,300 wanapata kitanda safi, maji ya moto, na asubuhi wali, samaki wa kuchoma na supu ya soya iitwayo miso. Huko mjini kwa pesa hiyo unaombwa radhi na kuoneshwa mlango.

Tokie aliingia kazi hii miaka kumi na mitatu iliyopita, baada ya kiwanda cha vyakula alichokuwa akifanyia kazi kufungwa. Analipwa yeni 1,140 kwa saa. Kwa siku anasafisha vyumba kumi na vitatu, kila kimoja kwa dakika ishirini na mbili, na mgongo ukimuuma anaubandika plasta za dawa na kuendelea.

"Nimesomesha mabinti wawili kwa mashuka haya," anasema. "Sijawahi kulalamika. Nimelalamika mwaka jana tu."

Mambo yake na Hatanaka yalianza kwa meza. Tokie aligundua kwamba mgeni huyo kila akija huisogeza meza hadi dirishani, kisha huirudisha kabla ya kuondoka. Alama za miguu ya meza zilikuwa kwenye zulia. Basi Jumanne yake iliyofuata akaisogeza yeye mwenyewe mapema. Asubuhi yake akakuta kijikaratasi: "Nimeiona meza. Asante."

Mara nyingine akakuta mto wa hoteli umewekwa kando na taulo imekunjwa mahali pake. Akaenda stoo, akafukua mto mgumu wa maganda ya nafaka, wa kizamani, uliosahaulika huko. Kijikaratasi kikasema: "Nimelala fofofo."

Anavyo vijikaratasi zaidi ya mia mbili, ndani ya kopo la biskuti. Hakuwahi kujibu hata kimoja, maana kanuni ya hoteli hairuhusu msafishaji kumwandikia mgeni.

Mumewe, Yoshiharu, dereva wa basi mstaafu, analijua kopo hilo na halipendi. "Miaka thelathini na sita ya ndoa," alimwambia mwandishi wa makala haya, huku akimenya chungwa. "Mimi sijatafutiwa mto."

"Wewe hujawahi kuniandikia asante," mkewe alimjibu kutoka jikoni.

"Basi nipe kalamu, mama."

"Kaa na chungwa lako."

Septemba, Jumanne ya pili, 507 ilibaki tupu. Tokie alidhani mtu wake ni mgonjwa. Wiki mbili baadaye, tupu tena. Alishuka hadi mapokezi, na Sugaya, kijana wa zamani wa hapo ambaye sasa ana kipara, alimwita kwa "san" ya heshima lakini hakumficha kitu.

"Nagumo-san, mtu wako amekukimbia. Nimemwona kwa macho yangu akitokea mlango wa kusini na sanduku lake. Ameingia ile mpya."

"Ile mpya ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Iko moja, na Kitanuma nzima inaijua. Ilifunguliwa Mei, upande wa kusini wa kituo, na bango lake linasema "dakika moja kutoka kituoni". Jioni hiyo hiyo Tokie alikwenda na saa mkononi kuhakikisha kama wanasema kweli.

"Sekunde hamsini na mbili," anasema, na hadi leo zinamkaa rohoni. "Tena mimi natembea polepole. Tena kuna paa njia nzima, hulowi hata mvua ikinyesha."

Lililomchoma zaidi ni kujua nani anaongoza wasafishaji wa huko. Ni Okabe Chinami, mwanamke wa miaka 39 aliyekuja Marusei hajui kutandika hata kitanda chake mwenyewe. Tokie alimfundisha kwa miaka sita: namna ya kukamua kitambaa, namna ya kunyoosha shuka kwa kiganja, hata namna ya kuinama bila kuvunja kiuno. Kisha Chinami akaenda zake kusini na yote hayo.

"Ni wivu," anasema Tokie. "Andika hivyo hivyo, wivu. Usiandike huzuni. Nilikuwa nasugua bafu huku najiuliza: nimekosea wapi? Kilikuwa kitu gani? Unywele? Harufu? Yule amempa nini ambacho sikumpa mimi?"

Januari, uvumilivu ukamwishia. Akaomba siku mbili za mapumziko na kumtangazia mumewe kwamba anakwenda kulala hotelini.

"Mama, unalipa pesa ukalale dakika nane kutoka kitandani kwako?"

"Ndiyo."

"Haya. Niletee ndara zao."

Alivaa barakoa, miwani ya mumewe na kofia ya kufunika masikio. Akajiandikisha kwa jina la kwao kabla hajaolewa, akalipa yeni 6,900, akapewa chumba 609. Kwa dakika arobaini hakukaa kitako. Alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango. Alichungulia nyuma ya televisheni. Alipiga magoti bafuni akafungua kifuniko cha tundu la maji.

"Nilikuwa natafuta unywele mmoja," anasimulia. "Mmoja tu, nirudi nyumbani na roho yangu nyeupe. Wapi! Hamna! Mpaka ndani ya birika nilichungulia."

Akaoga kwa hasira, akalala kwa hasira, na kwa aibu yake kubwa alilala usingizi mzito hadi asubuhi. Akashuka, akala kiamsha kinywa chao chote, akaongeza supu.

Kosa alilifanya aliporudi chumbani kuchukua mkoba. Hata yeye hajui mikono ilianza saa ngapi. Alivua mashuka akayakunja, akafuta matone kwenye bomba, akakausha beseni, akanyoosha pazia, akafunga mfuko wa taka. Mwisho akakunja ncha ya karatasi ya chooni ikawa pembetatu, akazima taa na kutoka.

Pembetatu hiyo, kwa watu wa kazi hii, maana yake ni moja: hapa pamemalizwa, asiguse mtu. Mgeni haikunji. Na Tokie ana yake: anaikunja mara mbili na kuiingiza ncha ndani, ili isifunguke mlango ukifungwa. Kitanuma nzima wanaokunja hivyo ni wawili, yeye na mwanafunzi wake, Chinami.

Alikuwa amebakiza hatua tano kufika mlango wa nje.

"Nagumo-san! Vua hiyo miwani, utaanguka."

Chinami alikuwa ameshuka mbio, aproni imepinda, anahema.

"Msichana wangu amenipigia simu kutoka 609," alisema. "Analia. Anasema chumba hakijalaliwa ila mashuka yamevuliwa. Nimepanda, nimeona ile karatasi. Nikajua ni mzimu au ni wewe."

"Nilikuwa napita tu."

"Unapita na barakoa na jina la baba yako?"

Tokie akavua miwani. "Chumba chako ni kisafi," alisema, na anakiri kwamba maneno hayo yalitoka kama jino linalong'olewa.

"Nani alinifundisha?"

"Usinipake mafuta. Analala chumba kipi?"

Hakuhitaji kutaja jina. Chinami alimtazama, akamvuta wakakae kwenye kochi la mapokezi, kisha akasema "subiri" na kupotea nyuma ya mlango wa wafanyakazi. Aliporudi alikuwa na kijikaratasi chenye nembo ya hoteli ya kusini. Kiliandikwa Oktoba, na Tokie ameturuhusu kukinakili:

"Kwa anayesafisha 714. Chumba ni kizuri, nakushukuru. Nina ombi. Kama unamfahamu anayesafisha 507 kule Marusei, mwambie anisamehe, nimeondoka bila kuaga. Magoti yangu yameshindwa na ngazi za kaskazini. Meza na mto navikumbuka. Hatanaka."

Mlango wa kaskazini wa kituo una ngazi arobaini na moja na hauna lifti. Wa kusini una lifti. Ndiyo hayo tu. Haukuwa unywele wala harufu.

Tokie alikisoma mara tatu. Kisha akaitazama tarehe.

"Miezi mitatu umekaa nacho?"

Chinami aliinamisha kichwa hadi karibu na magoti. "Nilikuonea wivu, Nagumo-san."

"Wewe? Unionee mimi wivu wa nini, na sekunde zako hamsini na mbili?"

"Nilimsogezea meza. Nilinunua mto kama ule ule, kwa pesa yangu. Kila akija ananiandikia neno moja: asante. Moja! Wewe hata hupo, na bado unanishinda ndani ya chumba changu mwenyewe. Nikasema, hiki simpelekei."

"Nilitaka kumpiga kofi," Tokie anatuambia. "Kweli kabisa, mkono ulishaanza kunyanyuka. Halafu nikasikia raha. Raha kubwa, mpaka masikio yakapata moto. Hilo usiliandike." Anafikiri kidogo. "Au liandike tu, alisome."

Kabla hawajaachana siku hiyo, Chinami alimwambia jambo la pili. Hatanaka anastaafu mwisho wa mwezi huu wa Machi. Safari yake ya mwisho Kitanuma ni Jumanne ya wiki ijayo. Baada ya hapo hatakuwa na sababu ya kushuka kituo hiki tena.

Tokie anataka usiku huo mmoja. Hataki kuonana naye, hilo amelirudia mara kadhaa. "Nikimwona atakuwa mzee tu wa kawaida mwenye sanduku. Nataka alale 507, aamke, aniandikie, aende zake. Aniage chumbani kwangu, si kupitia kwa mtu."

Kwa hiyo amepanga. Hoteli ina gari dogo la kupeleka mashuka kwa dobi. Sugaya atalipeleka mlango wa kusini, penye lifti, ampakie mgeni, azunguke naye kwenye kivuko cha reli hadi mbele ya Marusei ambako hamna ngazi hata moja.

"Mteja ndani ya gari la mashuka machafu?" Sugaya alipinga.

"Litakuwa safi."

"Lisafishwe na nani?"

"Sugaya-san, unamuuliza nani swali hilo?"

Kilichobaki ni kumjulisha mwenyewe. Mapokezi hawaruhusiwi kutoa simu ya mgeni, na anwani yake Tokie haijui. Kwa hiyo akavunja kanuni ya miaka kumi na mitatu, akaketi mezani kwake na kuandika: "507 iko tayari Jumanne. Hakuna ngazi. Gari litakuwa mlango wa kusini saa kumi na mbili jioni. Meza nimeisogeza." Meneja anajua na amejifanya hajui.

Karatasi hiyo ilikuwa na njia moja tu ya kumfikia: kuwekwa ndani ya 714 siku Hatanaka alipolala huko wiki iliyopita, na wa kuiweka ni Chinami. Yaani mwanamke aliyeficha ujumbe wake miezi mitatu ndiye ajitolee kupeleka mwaliko wa kumnyang'anya mgeni wake, usiku wa mwisho.

Walikutana kituoni. Chinami aliipokea kwa mikono miwili, akainama, akaitia mfuko wa aproni. Hajasema lolote tangu siku hiyo. Tulipompigia simu alicheka na kutujibu: "Mwambieni asubiri Jumanne." Hakuna mtu aliyepiga simu Marusei kuomba chumba 507.

Mchana huu, kazi ikiwa imekwisha, Tokie yuko uani na mashine ya kufyonza vumbi, nusu ya mwili wake imo ndani ya gari la mashuka. Ni mara ya pili wiki hii. Ametandika shuka jeupe kwenye kiti cha abiria na kulinyoosha kwa kiganja.

Tunamuuliza kama anaamini Chinami ameipeleka ile karatasi.

Anazima mashine. Anatoka taratibu, mkono kiunoni.

"Ni msichana mzuri," anasema. "Ana adabu. Nilimlea mwenyewe kazini." Anautazama upande wa reli, kusini, kule ambako ghorofa za hoteli mpya zinaonekana juu ya paa la kituo.

"Lakini ningekuwa mimi, ningeichana."