Karafuu Kwenye Kopo la Vifungo

Mimi meno yangu ni chuma. Uzi wa jinzi nakata kwa jino, mkasi nawaachia wanaojifunza.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijigamba pale dukani kwetu, kwa mafundi cherehani, mpaka siku mteja alipokimbia akiwa amepimwa mkono mmoja tu.

Ngoja nianze vizuri.

Meza ya vipimo ilikuwa mbele ya duka. Kazi yake ni ya watu wawili: mmoja anamzungushia mteja tepu, mwingine kasimama ubavuni anaandika.

Mpimaji alikuwa Dada Pini. Mwandishi, mimi.

Jina hilo nilimbandika mimi. Alikuwa anabana pini midomoni kutwa nzima, watu wakidhani ni ufundi. Thubutu! Alikuwa anaficha meno. Ya mbele yote yalikuwa mashimo meusi. Chai ya moto hanywi. Mkate mpaka achovye. Akicheka anageukia ukutani.

"Dada, huo ukuta umekuchekesha nini?" namuuliza.

Duka zima kwikwi. Yeye anameza cheko lake, anarudi kazini.

Na macho yake yalishaanza kumtupa. Tundu la sindano halioni. Ile tepu ndiyo pekee iliyokuwa inamweka mjini.

Sasa siku hiyo, mteja akarudi nyuma hatua mbili, kaziba pua.

"Hapa kuna kitu kimeoza."

Kakwapua mkoba, huyo!

Bosi wetu, mama asiye na maneno mengi, akatuita. "Nani?"

Dada Pini akatema pini kiganjani ili ajibu. Bosi akayaona meno.

Nikawahi. "Mama, hata mimi nilikuwa naona aibu kusema. Navumilia tu siku zote."

Dada alinitazama. Akazirudisha pini mdomoni. Nikajua nimemmaliza.

Akapelekwa stoo ya nyuma kushona vifungo. Siku ya kwanza tu, shati jeupe likarudi na matone ya damu. Alikuwa amejichoma vidole vitatu.

"Jamani, Dada siku hizi anadarizi maua mekundu!" nikatania.

Wakacheka. Na mimi nikacheka, ila kwa upande wa kulia.

Maana ukweli ni huu: gego langu la kushoto lilitoboka tangu mwaka juzi. Karafuu za kutuliza maumivu nilizificha kwenye droo ya cherehani yangu, ndani ya kopo la vifungo. Uzi nilikata kwa mkasi watu wakigeuka. Harufu ile nilijua inakotoka kabla mteja hajaziba pua.

Kwa nini sikwenda kung'oa? Naogopa sindano. Mimi, fundi wa sindano. Haya, cheka.

Wiki ya pili nina tepu shingoni, mkubwa mpya wa meza. Nampima bwana mmoja kola, uso kwa uso.

"Kijana, hebu geukia huko."

Bosi akainua kichwa. "Si nilishamtoa mtu hapa? Harufu imebaki na nani?"

"Labda imeganda ukutani, mama..."

"Vifungo vimeniishia."

Alikuwa Dada Pini, kasimama kwenye cherehani yangu, kopo mkononi. Akalimimina juu ya meza ya vipimo. Vifungo vinne. Karafuu tele.

"Hizi nimeziona tangu mwaka juzi," alisema, mdomo wazi, bila pini. "Siku ile ningekutaja. Nikasema maumivu ya jino nayajua mimi, acha nimsitiri mdogo wangu."

Hakuna aliyecheka.

Somo niliweke hapa, maana baada ya hapo sikuwa na mdomo wa kuongea. Jino likikuuma, nenda katibiwe. Na kama unaogopa, basi ogopa peke yako. Usimtafute mwingine wa kuoza badala yako.

Dada akanisogezea kipande cha uzi.

"Haya, meno ya chuma. Kata."

Nikauchukua, nikaupeleka mdomoni upande wa kulia.

"Kushoto," alisema Dada.