Haimavati na Uso wa Nuksi

Mimi ndiye nuksi yenyewe, nalisema mapema nisije nikasemewa. Naitwa Visalakshi. Mume wangu alikufa nikiwa na miaka ishirini na minne. Wakanivunja bangili, wakanifuta nukta nyekundu ya kipaji, wakanirudisha Guntur, mji wetu wa kusini mwa India, kwa mdogo wangu Somayajulu. Tangu siku hiyo mimi ni uso usiotakiwa kuonekana asubuhi. Kwa watu wetu, mtu akitoka kwenda kwenye jambo lake, iwe mtihani, kesi au posa, akamwona mjane anakuja mbele yake, hurudi ndani, akaketi, akanywa maji, ndipo atoke upya. Miaka thelathini nimesikia milango ikifungwa nikipita. Hasira ninayo mpaka leo, na sina mpango wa kuiacha.

Lakini habari hii ni ya Haimavati, binti ya mdogo wangu, mcheza tenisi.

Mama yake alifariki Haima akiwa na miaka sita, nikamlea mimi. Nuksi ikitakiwa kufua, kupika na kuogesha mtoto, huwa si nuksi tena. Baba yake, karani wa ofisi ya umeme, ndiye aliyemtia raketi mkononi, na haki yake nampa. Kila alfajiri alimpakia kwenye skuta mpaka klabu ya zamani nyuma ya soko la pilipili. Viwanja vya pale vilikuwa vya udongo uliopakwa samadi ya ng'ombe, na mke wa mlinzi alivipaka upya kila Ijumaa. Juu ya samadi mpira haupandi, unateleza chini chini, na asiyekunja magoti hana chake. Haima alijifunza kukunja magoti na kuukata mpira ufie miguuni mwa mwenzake. Akiwa na miaka kumi na moja aliwatoa machozi wasichana wa Hyderabad waliokuja na makocha wawili wawili.

Alipoanza mashindano ya kulipwa akiwa na miaka kumi na saba, swali likawa nani atasafiri naye. Baba ana kazi, msichana haachwi peke yake, basi nuksi iende! Tukalijua kila benchi la stesheni kutoka Indore hadi Solapur. Nilibeba sufuria ya umeme, mchele, na achari ya embe niliyoitia chumvi mwenyewe. Hoteli zilikataza kupika vyumbani, kwa hiyo nilipika bafuni, nimefunga mlango na kufungua maji ili wasisikie mfuniko ukicheza. Haima alikula wali na mtindi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, huku ameweka mguu kwenye barafu. Wanaodhani mcheza tenisi huishi kwa shampeni waje waniulize mimi.

Asubuhi ya mechi yake ya kwanza, pale Indore, nilijifungia bafuni ili atoke bila kuniona. Akagonga.

"Shangazi, unajificha nini humo?"

"Nenda mwanangu. Usinione, una mechi."

"Nikikuona itakuwaje?"

"Unajua itakuwaje. Usinitie dhambini."

"Wiki iliyopita mazoezini hukuwepo kabisa, na nikapigwa sita-moja, sita-moja. Ile nuksi ilikuwa ya nani, ya mwenye hoteli?" Akausukuma mlango. "Toka. Nenda mwisho wa ukumbi ule, halafu uje mbele yangu, uso kwa uso. Kama nuksi ipo tuione vizuri."

Nilikwenda hadi mwisho wa ukumbi na kurudi. Tangu nifiwe hakuna mtu aliyewahi kuniita nije mbele yake. Aliinama akagusa miguu yangu kama watu wanavyogusa miguu ya mama mwenye baraka, akaning'inizia taulo lake shingoni, akaondoka. Siku hiyo alishinda. Nilikwenda nikapika wali mwingi kuliko tuliohitaji. Toka hapo haikupita mechi bila mimi kuja mbele yake, na ikawa siri yetu ya kumbi za hoteli, ambako hakuna aliyetujua.

Nisiwadanganye, hakushinda sana. Katika mashindano haya madogo wiki ina mpango wake. Jumapili na Jumatatu ni mechi za mchujo, za wasio na jina. Jumanne na Jumatano ni raundi ya kwanza. Alhamisi ni raundi ya pili, na anayecheza Alhamisi ameshinda mtu wa maana. Haima alipita mchujo mara nyingi, halafu akaangukia raundi ya kwanza. Miaka sita hakuwahi kucheza Alhamisi. Wasichana wenzake walimtania kwamba kalenda yake ina siku nne tu.

Na kila tuliporudi, baba yake alikuwa na lake mlangoni. "Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Kushindwa nakubali, Baba," Haima alimjibu. "Ninachokataa ni kuacha."

Alipofika miaka ishirini na mitatu, siku ya Sankranti, sikukuu yetu ya mavuno, Somayajulu alimkalisha. Familia moja ya Nellore ilikuwa imeuliza habari zake, kijana ni mhandisi, watu wa heshima. Mkwe wa watu hawezi kushinda juani na kisketi, huo ndio ukweli, kwa hiyo ndoa ingekuwa mwisho wa tenisi. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Mwishoni wakapeana neno: mashindano ya mwezi wa pili yanafanyika hapa hapa Guntur. Akicheza Alhamisi, baba hatamtajia ndoa kwa miaka mitatu. Asipocheza, atawapelekea watu wa Nellore kahawa kwenye trei, atakaa atazamwe, na atakubali.

Sasa sikilizeni ujanja wa mdogo wangu. Alifungua kitabu chake cha falaki, akatafuta saa njema ya binti kutazamwa, akaipata: Alhamisi ya wiki ile ile ya mashindano, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Akawaandikia watu wa Nellore waje. Alimjua mtoto wake, akahesabu kwamba kufikia Alhamisi atakuwa nyumbani ameshashindwa na kuoga. Baba mzima anapigia hesabu kushindwa kwa mwanawe, kisha anakwenda kufukiza ubani! Niliposikia nilimkatia nyanya za mchuzi wake kwa kisu kikubwa, kwa hasira.

Haima akapita mchujo. Jumatano alikutana na msichana wa Kithai, mrefu, mwenye mpira wa kuanzia kama jiwe. Upepo ulikuwa unatoka upande wa soko la pilipili, na msimu ndio umekolea. Yule mtoto wa watu alipiga chafya mara nne katika gemu moja. Wetu alikuwa na macho makavu, ameipumua hewa ile tangu yuko tumboni. Akakunja magoti, akakata mpira, akakata tena. Sita-nne, saba-tano. Aliposhinda hakuruka wala kupiga kelele. Aliketi kwenye kiti chake akajifunika taulo, nami nilimwona mabega yakitikisika.

Jioni ratiba ikatoka: Alhamisi, kiwanja cha pili, mechi ya kwanza, saa nne kamili.

Somayajulu alikuwa anapanga viti vya wageni. "Hongera," alisema bila kugeuka. "Umefika Alhamisi. Sasa wapigie simu watu wa mashindano uwaambie mguu umeteguka."

"Baba, tulipatana."

"Tumepatana ufike Alhamisi. Si umefika?"

"Tulipatana nicheze."

"Wageni wameshapanda treni! Saa njema haiji mara mbili. Nitawaambia nini, binti yangu anapigana na mpira?"

"Waambie ukweli. Waambie hesabu zako zimekataa."

Alimnyanyulia mkono. Hakumpiga, hajawahi, lakini mkono ulibaki juu kidogo. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, dada, kesho kaa jikoni. Mlango ufungwe. Nisione hata ncha ya sari yako mpaka waondoke."

Ndivyo ilivyokuwa kila siku ya heri nyumbani mle. Nikanyamaza, na kunyamaza huko bado kunanichoma.

Watu wa Nellore walifika mapema, saa mbili na nusu: kijana Phanindra aliyekuwa anaangalia viatu vyake, na mama yake, Rajyalakshmi, mwanamke wa hariri na bangili hadi karibu na viwiko. Nilikuwa jikoni nachuja kahawa, nawachungulia kwa ufa wa mlango. Somayajulu aliwaambia binti anavaa.

Binti alikuwa amevaa kweli. Alitoka chumbani na sketi nyeupe na viatu vya mpira, mfuko wa raketi begani. Soksi zilikuwa zimemshuka, na miguu yake ilikuwa ya rangi mbili, juu jua limeichoma na chini, penye soksi, imebaki nyeupe. Aliwainamia wageni kwa adabu.

"Karibuni sana. Mnisamehe, nina mechi saa nne. Mkitaka kunitazama njooni kiwanjani, huko ndiko ninakoonekana vizuri. Hapa mtaona trei tu."

Rajyalakshmi akamgeukia mdogo wangu. "Bwana Somayajulu, huyu ndiye aliyekuwa anavaa?"

"Anatania," akasema Somayajulu. Akaenda kusimama mlangoni, mikono imeshika miimo. "Haima, rudi ndani."

Haima hakubishana. Aligeuza shingo kuelekea jikoni, akapaza sauti.

"Shangazi! Njoo mbele yangu, nachelewa."

Nilibaki nimeshika kitambaa cha kahawa. Hotelini ni kitu kingine. Hapa ni nyumba ya baba yangu, saa njema imeandikwa, mama mkwe amekaa, mtaa mzima unachungulia. Nikitoka, posa imekufa, na pengine mimi mwenyewe sina pa kulala. Niliogopa, nasema wazi. Halafu nikafikiria yule mtoto amesimama na mfuko wake begani, hatoki bila mimi, na saa inakwenda.

Nilitoka kwa mlango wa uani, nikazunguka nyumba, nikapita kisimani, nikaingilia geti la mbele. Jirani yetu alikuwa dirishani. Akaanza kulifunga, kisha akaliacha wazi. Nikatembea moja kwa moja kuelekea mlangoni, uso wangu wazi, bila nukta, bila bangili. Somayajulu aliniona. Miaka yote ile amefundishwa kunipisha, na mwili ukamtangulia akili: aliruka pembeni kuukwepa mkosi. Mlango ukabaki wazi.

"Dada! Umeniua!"

"Hujafa," nikamwambia. "Kahawa iko jikoni. Wapelekee wageni."

Rajyalakshmi alikuwa amejifunika macho kwa ncha ya sari. "Mtoto anajitakia mkosi kwa mdomo wake mwenyewe," alisema.

Haima akashuka kizingiti, akainama mbele yao wote, akagusa miguu yangu. Akanitia taulo shingoni. Safari hii hakuniacha, alinishika mkono tukatoka pamoja.

Nilisikia baadaye kwamba mdogo wangu alihudumia kahawa mwenyewe na akaitia chumvi. Sina ushahidi, ila naiombea iwe kweli.

Haima alishindwa. Nawaambia hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Alicheza kwa muda wa saa mbili na dakika hamsini na msichana wa Kijapani mwenye mkono wa kushoto. Akachukua seti ya kwanza, akapoteza ya pili, na katika ya tatu akaangukia saba-tano. Mpira wa mwisho uligusa wavu ukarudi upande wetu.

Tulipofika nyumbani wageni hawakuwepo. Somayajulu alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, na sahani za vitamu hazijaguswa.

"Umeona?" akasema. "Umeona uso ule ulichokufanyia?"

Haima alitua mfuko. Alikuwa amechoka hata sauti ilikuwa nyembamba. "Baba, nimeshindwa na msichana wa Kijapani mwenye mkono wa kushoto. Sikushindwa na shangazi yangu. Yule wa Kijapani nitakutana naye tena. Na wewe una deni la miaka mitatu."

Akainuka akaingia ndani. Siku kumi na moja hakusema nasi, alikula akitazama ukuta. Nilimtilia chakula kama kawaida, na pilipili zaidi ya kawaida.

Siku ya kumi na mbili tulikuwa na treni ya Solapur. Haima alivaa viatu, nami nilikuwa jikoni nafunga achari. Nilishapanga nitoke kwa mlango wa uani nizunguke, kama siku ile. Nikasikia kiti kinaburutwa. Nilipochungulia, Somayajulu alikuwa amekitoa kiti chake mlangoni na kukisogeza ukutani, naye amesimama kando yake anajifanya anasoma gazeti. Njia kutoka jikoni hadi mlango wa mbele ilikuwa wazi.

Hakuniita, na mimi sikumshukuru. Nilikwenda chumbani, nikavua nyeupe ya ujane, nikavaa sari yangu ya kijani ambayo sikuigusa tangu nikiwa na miaka ishirini na minne, nikapita katikati ya sebule. Nilipita polepole, hata Haima akacheka kwamba treni haitatungoja. Nikashuka kizingiti, nikaenda mpaka getini, nikageuka. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake begani, na nyuma yake mdogo wangu ameshusha gazeti, anatazama.

Nikaja mbele yao wote wawili.