Mfereji Katikati ya Ugali

Dengu zikichemka pamoja na kitunguu kizima hutoa harufu kama ya udongo ulioguswa na mvua, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wangu, hujikuta nimerudisha mkono nyuma nikiogopa sauti ya Mama: "Minza, mkono wako!" Hata kopo lake ninalo. Ni dogo, la bluu iliyochujuka, na mdomo wake umepinda kwa miaka mingi ya kuchota unga. Ngoja niwasimulie lilivyofika kwetu Buswelu.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa na maduka yamejaa vitu ambavyo wazazi wetu walikuwa wakivisikia tu. Baba alikuwa seremala. Siku moja akakanyaga msumari, nasi tukaona ni jambo la siku tatu, lakini kidonda kikagoma kupona. Hospitali wakamwambia ana kisukari. Daktari akampa vidonge, akasema na chakula nacho kibadilike na kiliwe kwa kipimo, la sivyo huenda mguu ukakatwa. Mama, ambaye hakuwahi kupika bila kuimba, akanyamaza wiki nzima.

Shangazi Kabula, dada yake Baba aliyeolewa Nairobi, akatuma boksi kwa basi. Ndani mlikuwa na pakiti za vyakula vilivyokaushwa, lile kopo la bluu lenye maziwa ya unga, na karatasi ya ratiba ya wiki mbili: asubuhi hiki, mchana hiki, jioni hiki. Juu yake palikuwa na picha ya mama wa Kizungu akiichekea sahani ya majani. Kila pakiti iliandikwa kuwa ni ya mtu mmoja.

Sasa, kwetu mtu mmoja alikuwa nani? Baba alikula sahani moja na sisi watoto watatu, mimi na wadogo zangu mapacha, Kulwa na Doto. Mtu aliyekula peke yake huku wenzake wakimtazama alikuwa ama mchoyo ama mchawi, na Baba hakutaka kuwa chochote kati ya hivyo viwili. Siku ya kwanza Mama alipika pakiti moja, akamwekea. Baba akanawa, akaitazama sahani, akatuita.

"Kizuri kula na nduguyo," alisema, na mikono minne ikaingia.

Pakiti iliisha kabla Doto hajameza tonge la pili. Mama akapika nyingine, kisha nyingine. Boksi la wiki mbili tulilimaliza kwa siku nne, na mapacha wakatangaza mtaani kwamba chakula cha Wazungu hakishibishi.

Kumbe Mama alikuwa ameficha pakiti moja. Aliitia kwenye mkoba pamoja na ile ratiba, akanishika mkono, tukaenda mjini Nyamagana kwenye supamaketi mpya. Mimi wa darasa la sita ndiye niliyekuwa msomi wa Kiingereza wa nyumba nzima. Mlinzi alitazama miguu yetu yenye vumbi, nami nikatamani kurudi nyumbani. Pakiti kama zetu zilikuwepo, zimepangwa rafu ya juu kabisa, na kwa bei ya boksi moja Baba angelazimika kuuza kitanda na meza.

"Hebu soma hapa nyuma," Mama aliniambia. "Wameweka nini humo?"

Nikasoma kwa kuungaunga: nafaka isiyokobolewa, dengu, samaki, mboga za majani, chumvi.

"Na nini tena?"

"Basi, Mama."

Mama akapiga magoti pale pale sakafuni, maana vitu vya bei nafuu walikuwa wameviweka rafu za chini. Nilijifanya simjui. Akatoa mfuko wa dengu wenye nembo ya kung'aa, akasoma zilikotoka, akaanza kucheka mpaka mlinzi akageuka.

"Minza, hizi ni dengu za kwetu Kisesa! Wamezivalisha nguo tu."

Tulinunua mfuko huo mmoja na unga wa mtama. Nyumbani aliimimina ile pakiti ya mwisho ndani ya kopo la bluu, likajaa sawasawa, na kipimo kikapatikana. Kuanzia hapo aliifuata ratiba ya Shangazi siku kwa siku, ila penye samaki wa bei mbaya aliweka dagaa, penye majani ya pichani akaweka mlenda, na dengu zikaja kutoka kwa bibi yetu Kisesa, zikiwa uchi kama zilivyozaliwa. Sote tulikula hivyo hivyo. Chai ilipokosa sukari, mapacha walilia kama kuna msiba.

Sahani ilibaki moja. Mama alipiga mfereji kwa mwiko katikati ya ugali, akasema upande huu ni kopo la Baba, na mkono wa mtu usivuke.

"Haba na haba hujaza kibaba," Baba alinung'unika, "ila kibaba hiki hakijazi tumbo."

Alitania, lakini nilimwona akilamba vidole muda mrefu baada ya upande wake kwisha, na roho iliniuma. Nikawaza, mtu mwenye njaa atapona vipi? Basi kila jioni, Mama akitugeuzia mgongo kuchota maji, nilisogeza matonge matatu ya upande wetu yakavuka mfereji. Baba aliyala yote.

Kidonda kikaanza kufunga. Siku daktari alipomwambia avae viatu vyote viwili, Mama aliimba njia nzima ya kurudi, nami nilitembea nyuma yao nimevimba kichwa, nikiamini kwamba ni matonge yangu yaliyomponya.

Niliamini hivyo mpaka nilipoolewa, Mama aliponikabidhi kopo. Baba alikuwa bado akiranda mbao uani, amesimama kwa miguu yake. Nikaona nikiri kosa langu.

"Matonge matatu, najua," Mama alisema. "Ndiyo maana nilikuwa nikiusogeza mfereji upande wake, matonge matatu."

Nilicheka, nikajiona mjinga. Nikamwuliza aliniona saa ngapi.

"Sikukuona. Baba yako aliniambia siku ya pili yake. Nikataka kukuchapa, akanikataza. Akasema, 'Mwache mtoto anipe. Wewe punguza kwangu.'"

Nilitoka nikasimama mlangoni nikamtazama Baba. Ile njaa niliyoiona haikuwa mchezo, na bado aliomba upande wake upunguzwe ili mimi nisizuiwe kumpa. Nilimsalimia tu shikamoo, ingawa asubuhi nilikuwa nimeshamwamkia, naye akaitikia marahaba bila kuuliza.

Siku hizi mwanangu akinisogezea tonge, nalipokea.