Zulia la Ersilia

Ersilia Bracalenti hajui kukaa. Nimeishi mkabala naye miaka arobaini, nikinyoa vichwa vya watu wa mji wetu wa Montavio mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, na sijawahi kumwona akimaliza kahawa akiwa kitini. Anakunywa amesimama mlangoni, jicho kwenye mawingu, na kikombe anakiacha popote.

Ikifika Juni ndiyo balaa. Siku ya Mwili wa Kristo kila kichochoro hutandaza zulia la petali juu ya mawe, na padri hupita juu yake na Ekaristi. Wakaguzi wa parokia huja saa tatu. Zulia likiwa na pengo, maandamano yanapitia barabara ya juu, hayaingii kwetu. Kichochoro chetu kimebaki na watu watatu: mimi, Ersilia, na dada yake Ilde, ambaye miguu ilimgomea na hajashuka ngazi mwaka wa tatu huu. Nyumba nyingine zote ni vyumba vya wageni. Ersilia anataka jambo moja tu, padri asimame chini ya dirisha la Ilde. Kwa hilo amenikimbiza wiki mbili nzima, milimani kuchuma maua ya manjano, bondeni kukata majani ya shamari ya kutilia kijani, mkahawani kuomba machicha ya kahawa ya kutilia weusi.

Halafu akafanya kosa ambalo hata mtoto wa hapa hawezi kulifanya. Yale maua mekundu ya mashamba ya ngano huchumwa asubuhi ileile. Yeye, kwa kuogopa mvua, aliyachuma Ijumaa akayafungia kwenye boksi. Jumapili kulipopambazuka akafungua, yamekuwa meusi na yananata.

"Nimeharibu, Gaspare. Moyo wa Yesu wa katikati ya zulia hauna nyekundu."

"Si nilikwambia?"

"Hukuniambia!"

"Nilikwambia ukiwa unaondoka. Wewe kila mtu akiongea unaondoka."

"Tutafanyaje sasa?"

"Tia manjano."

"Nimwambie padri Yesu ana homa ya manjano?"

Wageni wawili wakatoka chumbani, ramani mkononi. "Samahani mama, mji huu una nini cha kuona?"

"Migongo yetu," akasema Ersilia. "Pigeni magoti, mchambue petali za maua haya."

Maskini, wakapiga magoti kweli, naye akawa anawakosoa kila dakika huku akikimbia kichochoro kizima na ndoo ya maji, kunyunyizia petali zisipeperuke. Zulia likajaa kila mahali isipokuwa katikati. Ilikuwa saa mbili unusu. Akasimama, akatazama ukuta wangu. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Thubutu!" nikamwambia. Waridi jekundu lililotambaa ukutani pale lilipandwa na marehemu mke wangu, na hasira ilinipanda kwelikweli. "Hilo ni la Delfina."

"Najua ni la nani. Shimo nilichimba mimi."

Nilingoja azidi kubishana. Hakubisha. Alisimama tu pale, mikono imelegea, akisubiri jibu langu, na hilo sikuwa nimeliona miaka yote arobaini. Nikaingia ndani kuchukua mkasi. Nilikata ua moja moja, na sioni aibu kusema nililia.

Wakaguzi walipita, wakaandika, wakaondoka. Saa nne padri akaja na umati nyuma yake. Akasimama chini ya dirisha, akainua Ekaristi, na Ilde kule juu akafanya ishara ya msalaba. Kisha viatu vya mji mzima vikapita juu ya moyo, na baada ya dakika tano hukuweza kujua lipi lilikuwa waridi na yapi yalikuwa machicha.

Ersilia tayari alikuwa ameshika ufagio.

"Ersilia!" Ilde akaita kutoka dirishani. "Acha hiyo, panda huku."

"Nikishafagia, dada."

"Kila mwaka nikishafagia, nikishafagia! Unadhani nilikuwa namsubiri padri? Padri ananiletea komunyo kila Ijumaa, anakaa mpaka namchoka. Wewe ndiye sijakuona wiki mbili."

Ersilia akasimamisha ufagio. Uso wake ulikuwa na vumbi la manjano mpaka kwenye kope. Akanipa ufagio bila kuniangalia, akaanza kupanda ngazi.

Nilifagia mpaka kwenye nyufa za mawe, ili asipate sababu ya kushuka.