Mpangaji wa Mzee Tierney

Wendell Opsahl alikuwa na miaka hamsini na mmoja alipopata barua ya kukubaliwa kufanya utafiti kwa wiki kumi mjini Boston, na kwa siku mbili nzima hakumwambia mtu, kwa sababu hakukuwa na wa kumwambia. Mkewe, Karla, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Hawakujaliwa watoto. Kiwanda cha sukari alichokitumikia miaka ishirini na sita, kule magharibi mwa Minnesota, kilikuwa kimefungwa, na badala ya kukaa nyumbani akikodolea macho dari, alijiandikisha chuo cha karibu akawa anasoma kemia darasa moja na watoto wa rafiki zake. Siku ya tatu alimwambia mama mhudumu wa posta. Akampongeza, kisha akamhudumia mtu aliyefuata.

Utafiti wenyewe ulihusu kuvu inayoozesha bitiruti za sukari zikiwa ghalani. Jambo hilo Wendell alilijua kwa pua tangu ujana wake. Kilichomshinda ni makao. Waliomchukua walimwandikia kwa adabu kwamba vitanda vya bwenini ni vya vijana, wanalala wawili wawili, na walidhani yeye isingemfaa. Wangemwongezea posho kidogo, atafute mwenyewe.

Alianza kutafuta mwezi Machi, theluji ikiwa bado imefika usawa wa madirisha. Kwa kodi ya chumba kimoja Boston, kwao mtu angepanga nyumba nzima pamoja na banda la gari. Wenye vyumba vya nafuu walikuwa wanafunzi waliokuwa wanarudi kwao kwa likizo, wanaotafuta mtu wa kukaa hadi Septemba. Wendell aliwaandikia mmoja baada ya mwingine, ameketi jikoni, miwani ikimteleza puani. Akitaja umri wake, hajibiwi. Akiuficha, anajibiwa, kisha dhamiri inamsuta, anautaja, na kimya kinarudi pale pale. Safari moja wasichana watatu walitaka kumwona kwa video kabla ya kukubaliana. Sura yake ilipotokea, wakatazamana.

"Samahani, baba," mmoja akasema taratibu. "Tulidhani wewe ni mwanafunzi."

"Mimi ni mwanafunzi," Wendell akasema.

Walisema wangempigia. Hakuwalaumu.

Kulikuwa na chumba kingine, kizuri ajabu, bei nusu. Mwenyewe alidai yuko safarini. Wendell atume pesa ya kushikia nafasi, ufunguo utamfikia kwa posta. Alikuwa ameshachukua kalamu aandike hundi alipoitazama picha mara ya pili, akaona mnazi nje ya dirisha. Mnazi, Boston. Alicheka mpaka akapaliwa, akageukia kiti cha Karla amsimulie, halafu akairudisha kalamu mahali pake.

Mei ilipoingia ndipo alipopigiwa simu na mwanamke aitwaye Noreen. Alikuwa amepata jina la Wendell kupitia kikundi kinachowakutanisha wazee wenye nyumba kubwa na watu wanaotafuta chumba. Mjomba wake, Cornelius Tierney, alikuwa na miaka themanini na nne, dereva mstaafu wa treni za chini ya ardhi, mjane, anakaa peke yake ghorofa ya tatu ya nyumba ya mbao mtaani Dorchester. Kodi ingekuwa ndogo. Badala yake Wendell angetoa takataka, angebeba nguo kutoka mashine ya kufulia chini, na jioni angekula na mzee. Noreen alisema mjomba wake hana neno, ni mkali kidogo tu.

Wendell aliendesha gari lake la mizigo siku mbili na nusu. Mzee alimfungulia mlango akiwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa hadi kooni, na jua lilivyokuwa kali.

"Wewe ndiye kachero wa Noreen?"

"Mimi ni mpangaji."

"Ni yale yale," mzee akasema. "Ingia. Vua viatu."

Wiki tatu zikapita karibu bila neno. Mzee alizungumza kwa vikaratasi alivyobandika kwenye friji: maziwa yangu, siagi yangu, usibamize mlango. Jioni alichukua sahani yake akaenda nayo sebuleni, akafunga mlango, akafungulia redio asikilize besiboli. Wendell alikula jikoni. Alisikia sauti ya mtangazaji ikipanda na kushuka nyuma ya mlango, lakini maneno hayakumfikia, kwa hiyo hakuwahi kujua nani anaongoza.

Maabarani hapakuwa pabaya. Vijana walimheshimu, wakamwita Mzee Wen, wakamwonyesha mara kumi jinsi ya kutumia programu ya kuchora grafu bila kumcheka. Jioni walitoka pamoja kunywa bia. Walimkaribisha, ila kwa sauti ile ya mtu anayetarajia ukatae, naye akawa anakataa. Siku moja alifungua kopo la sampuli, akanusa, akamwambia Daktari Roeder, mama wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa msimamizi wake, kwamba uozo huu si ule ulioandikwa kwenye lebo. Daktari alitabasamu, akapima. Ilikuwa kweli, na kazi ya wiki mbili ikabidi irudiwe upya. Alimshukuru mbele ya wote. Wendell alitembea hadi nyumbani badala ya kupanda treni, maneno yakimjaa kinywani. Alipofika alikuta mlango wa sebule umefungwa, redio inasema. Akala, akaosha sahani yake.

Ilikuwa Julai aliporudi saa kumi na moja na nusu jioni akakuta moshi kwenye ngazi. Alipanda akikimbia. Sufuria ya viazi ilikuwa imekauka na kuwa nyeusi, moto unawaka chini yake, na mzee amesinzia sebuleni, kidevu kifuani. Wendell alizima jiko, akafungua madirisha, akaanza kusugua sufuria. Aligeuka akamwona mzee amesimama mlangoni anamtazama. Mzee akarudi kitini.

Siku mbili baadaye Noreen akapiga simu. Wendell alikuwa kwenye roshani ya nyuma, ameinamia uani ambako watoto wawili wa familia ya chini walikuwa wanazunguka na vibaiskeli vyao.

"Niambie ukweli, Wendell," Noreen akasema. "Anasahausahau? Jiko je?"

"Hajambo," Wendell akasema. "Tunaendelea vizuri."

Uongo ule ulimkwama kama mwiba wa samaki. Alijua kwa nini ameusema: mzee angehamishwa, na yeye angebaki bila chumba, wiki tano zikiwa zimesalia. Lakini watoto wale walilala chini ya jiko lile. Na kulikuwa na sababu nyingine aliyoona haya kujikiri, nayo ni kwamba hata mlango uliofungwa, wenye mtu nyuma yake, ulikuwa bora kuliko nyumba yake ya Minnesota.

Jumapili mzee aliporudi kanisani, Wendell alimngoja jikoni, akamwomba akae. Alimweleza kwamba Noreen ameuliza, na kwamba yeye amemficha ukweli.

"Nilijua wewe ni kachero," mzee akasema.

"Kachero angesema. Mimi sikusema. Ila akiniuliza tena, sitaweza kudanganya mara ya pili. Chini kuna watoto, Mzee Tierney."

Mzee aliupapasa ukingo wa meza kwa kidole gumba. Kisha akainuka, akaenda kwenye jiko, akavichomoa viwashio vyake vya kuzungusha, ambavyo jiko haliwaki bila hivyo, kimoja kimoja, vyote vinne, akaviweka mezani mbele ya Wendell.

"Nenda navyo kazini," akasema. "Mchana nitakula mkate. Jioni utapika wewe. Na usipike vile vitu vyenu vya makopo."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi Wendell aliondoka na viwashio vinne mfukoni mwa koti la maabara, na kila jioni alivirudisha jikoni, akapika viazi, soseji, wakati mwingine samaki. Mzee hakurudi tena kula sebuleni. Redio ikahamia jikoni. Alimfundisha Wendell majina ya wachezaji na kuwatukana kila walipokosea. Alimsimulia jinsi alivyoendesha treni gizani miaka thelathini na minane, na jinsi macho yalivyomuuma kila alipotoka juu kwenye jua. Siku moja, akiwa anamenya yai, akamuuliza Wendell aliishi na mkewe miaka mingapi.

"Ishirini na miwili."

"Mimi na Bernadette arobaini na tisa," mzee akasema. "Usidhani huzuni inapungua, kijana." Akaendelea kumenya.

Wiki ya mwisho Noreen alikuja kwa chakula cha mchana. Mzee alimwambia Wendell akatembee. Alitembea hadi ufukoni, akaketi kwenye ukuta wa mawe saa mbili nzima akizitazama familia zikipakana mafuta ya jua. Aliporudi, macho ya Noreen yalikuwa mekundu.

"Nimemwambia mwenyewe," mzee akamwambia Wendell. "Sufuria na yote. Sasa nipakulie."

Noreen alimfuata Wendell ngazini. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba angetamani angejua tangu Julai, naye Wendell akakiri kwamba alikuwa na haki ya kujua.

Asubuhi ya kuondoka mzee hakushuka ngazi. Magoti yalikuwa hayamruhusu. Alimpa Wendell mkono juu pale mlangoni, akamwambia aendeshe polepole, na kwamba chumba amekiacha kisafi. Kisha akafunga mlango, bila kuubamiza.

Mchana wa siku ya pili, Ohio, Wendell alisimama kwenye mgahawa wa barabarani. Aliagiza supu, akakumbuka kwamba hakuna mtu duniani aliyejua yuko wapi saa ile. Alitoa simu, akaipigia nyumba ya Dorchester. Ililia na kulia. Huenda mzee alikuwa ameongeza sauti ya redio. Wendell hakuwa na jambo maalumu la kumwambia, lakini aliiacha iendelee kulia mpaka ikakatika yenyewe, ndipo akalivuta bakuli karibu.

Oktoba Noreen alimwandikia kwamba amemhamishia mjomba wake kwake, mjini Quincy, na kwamba mzee bado anaulizia matokeo ya besiboli ingawa msimu umekwisha. Wendell aliijibu barua hiyo siku ile ile, kurasa tatu, akatembea nayo hadi posta.